Fungate ya Marehemu

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba sisi tukitajwa hufurahi mno, tukifurahi tunaandamana, na tukiandamana barabara zinafungwa, watu wanachelewa kazini. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani. Tuna Wizara ya Amani, Uwanja wa Amani, Gereza la Amani, na lile gari la kumwaga maji ya kuwasha limeandikwa ubavuni, kwa rangi ya bluu ya kupendeza, "Amani Kwanza".

Wananchi ni wa aina mbili. Wamlimani wanakaa mlimani, Wabondeni wanakaa bondeni. Tofauti nyingine bado inatafutwa, na serikali imewajengea wataalamu taasisi nzima ili waitafute kwa utulivu. Mpaka naandika haya wamegundua kwamba Mmlimani huweka mchuzi pembeni ya wali, na Mbondeni humwagia juu. Lugha ni moja, dini ni zile zile, na tumeoana mpaka imekuwa vigumu kumtukana mtu bila kumgusa shemeji yako.

Ndiyo maana vita vyetu vilipokuja, ilibidi vianzie harusini.

* * *

Bwana harusi aliitwa Matano, fundi wa mafriji kutoka mlimani, kijana mpole ambaye hata friji likimgomea hulibembeleza. Bibi harusi aliitwa Sikudhani, mwalimu wa hesabu wa huko bondeni, msichana asiyecheka ovyo, lakini akicheka unasahau ulichokuwa unasema. Mimi nilialikwa upande wa bwana harusi. Nilikula pande zote mbili.

Kwa wageni, nieleze desturi yetu ya kugombea mlango. Wenyeji mnaweza kuruka hapa, ingawa mbele mtaona kwamba wenyeji ndio waliohitaji maelezo kuliko wote. Siku ya kumchukua mke, bwana harusi huja na ndugu zake wameshika miwa kama silaha. Mlangoni hukuta shangazi wa bibi harusi amesimama na kikosi cha kina mama wenye miiko na nyungo. Hapo watu hutukanana kwa moyo wote, na inaaminika kwamba matusi yakiwa mazito ndoa hudumu. Mwisho shangazi huchukua jagi la juisi ya rozela, ile nyekundu iliyokolea, akammwagia bwana harusi kichwani mpaka kanzu nyeupe yote ilowe. Bwana harusi huanguka chini na kufa. Ni lazima afe, tena afe vizuri, maana asiyejua kufa hudharauliwa na wakwe maisha yake yote. Kisha shangazi humwinua na kumwambia, "Kuanzia leo doa lako ni letu, tutalifua pamoja." Vigelegele, ngoma, pilau.

Kila mwanamume aliyeoa katika nchi hii, wa mlimani na wa bondeni, amewahi kufa hivyo.

Siku ile mlango ulikuwa mikononi mwa Shangazi Mwantumu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la tatu. Alipomwona Matano tu akaanza.

"Wamlimani nyie! Mmeshuka na njaa zenu! Leo hapiti mtu hapa, tutawachinja mmoja mmoja!"

"Mtuchinje na nini, na visu vyenu vya kukatia siagi?" wajomba wa Matano wakajibu.

Jagi likamwagwa. Matano alikufa kifo cha kupendeza kweli: aliyumba, akashika ukuta, akasema "Mwambieni mama nilimpenda," akaanguka chali na mguu mmoja ukabaki unatetemeka. Wajomba walicheka mpaka mmoja akapaliwa na muwa. Kisha Matano akainuliwa, tukala, na maharusi wakaingizwa fungate.

Bondeni fungate hukaliwa kwao bibi harusi, na si mchezo. Siku saba maharusi hawatoki, hawapokei wageni, hawasikii habari ya dunia. Shangazi Mwantumu alikusanya simu zao mwenyewe akazifukia ndani ya pipa la mchele. "Simu ni mke mwenza," alisema. "Haingii chumbani kwa mwanangu."

* * *

Mgeni mmoja alikuwa amerekodi. Akaweka mtandaoni, akaandika "Harusi imenoga", na ndugu zake wachache wakaitazama. Ingeishia hapo, lakini ilimfikia Jenerali Radi.

Jenerali Radi hajawahi kuwa jeshini. Ni Mmlimani mwenzetu anayeishi nchi ya mbali, kwenye baridi na bima ya afya, ambako huosha masufuria katika jiko la hoteli. Huko ndiko uzalendo humshika zaidi, hasa wakati wa mapumziko. Wafuasi wake ni wengi kuliko wanajeshi wa taifa, na wanamtii zaidi. Jenerali aliitazama ile video, akakata ngoma, akakata vigelegele, akakata vicheko vya wajomba na pale Matano anapoinuliwa. Ikabaki sauti ya Shangazi akisema tutawachinja, kitu chekundu, na kijana anaanguka. Akaandika: "Ndugu yetu amechinjwa mlangoni kwa wakwe zake. Mtalala mpaka lini?" Halafu yeye mwenyewe akalala, maana alikuwa na zamu ya asubuhi.

Sisi hatukulala. Mlima mzima ulilia. Nilimkuta jirani yangu, Mzee Chambuso, amekaa kibarazani machozi yanamtiririka, simu iko magotini.

"Mzee, mimi nilikuwepo, hii si desturi ya mlango?" nikamuuliza. "Si hata wewe ulimwagiwa?"

"Nilimwagiwa," akasema, anafuta pua. "Lakini yangu ilikuwa rozela."

"Na hii?"

"Hii iko kwenye simu, bwana. Ingekuwa rozela wangeiweka kwenye simu?"

Hata wajomba waliocheka pale mlangoni waliishia kuamini simu kuliko macho yao.

Mtu angedhani Wabondeni wangesema, jamani, kijana wenu mzima, yuko ndani anakula maandazi. Wachache walisema. Wakaambiwa ni waoga, wamenunuliwa na mlima. Wengine wote waliona kwamba ukishatuhumiwa kwa ushujaa si vizuri kuukana. "Ndiyo, tumemchinja," waliandika, "na bado." Wakatengeneza fulana zenye picha ya Shangazi Mwantumu ameshika mwiko, chini imeandikwa "Hapiti Mtu". Kuna waliofunga safari kutoka mbali kuja kubusu kizingiti cha ule mlango. Shangazi, nasikia, mwanzoni hakuchukia sana, isipokuwa alilalamika kwamba picha imemwonyesha na videvu viwili.

* * *

Lazima niseme kwamba vita vilikuwa vizuri sana kwenye simu. Vilikuwa na muziki. Vilikuwa na mwendo wa pole pole, watu wanatembea moshi nyuma yao, nywele zinapepea hata kwa walionyoa upara. Havikuwa na harufu wala nzi. Mpiga picha mmoja wa mtaani kwetu aliacha pazia lake la maua akachora pazia la kijiji kinachoungua, akachonga bunduki za mti, na foleni ikafika barabarani. Wasichana walianza kumuuliza mchumba, "Picha yako ya vita iko wapi?" Nilimwona kijana akikataliwa kwa sababu picha yake ilikuwa na bunduki lakini haikuwa na moshi.

Hata watoto wachanga walivishwa magwanda. Mwalimu wa dini aliweka picha yake ameshika upanga akaandika "Subira ina mipaka", akapata laiki nyingi kuliko mahubiri yake yote ya miaka yote.

Kisha yakaanza mambo mengine, yasiyo na muziki. Kinyozi wangu alikuwa Mbondeni. Alikuwa ameninyoa mimi, amemnyoa marehemu baba yangu, na anajua kovu langu la kisogoni lilipo bila kuangalia. Asubuhi moja nilikuta banda lake limekuwa majivu na kiti chake kimetupwa mtaroni. Watu waliokuwa wamelichoma walikuwa wamejipanga mbele yake wanapiga picha, na kichwa cha kila mmoja wao kilikuwa kimenyolewa vizuri, na huyo huyo kinyozi. Niliumia sana siku ile. Mpaka sasa nafuga nywele.

Serikali haikukaa kimya. Waziri wa Hisia za Taifa, Mheshimiwa Dakta Injinia Mtondoo, alizungumza kwenye televisheni amevaa suti nyeusi na nishani zake za kukimbia mbio za magunia.

"Serikali," alisema, "imepokea hasira zenu, imezihesabu, na imeridhika nazo. Nawaomba Wamlimani wakasirike kwa utaratibu. Nawaomba Wabondeni nao wajivune kwa kufuata sheria. Kuhusu shujaa wetu Matano, tumeazimia kwamba amekufa, na mazishi yatafanyika punde mwili utakapopatikana au hata usipopatikana."

Mama yake Matano, Bi Nyamvula, hakuwa harusini, maana kwetu mama wa bwana harusi hubaki nyumbani kumpikia mkwe. Maafisa walimkuta jikoni anachambua iliki. Walimkalisha kwenye mkeka wa msiba, wakamwita Mama wa Taifa. Aliomba kitu kimoja tu: "Nileteeni mwanangu nimwone." Wakamwambia kwamba mwanawe sasa ni wa wote.

* * *

Huko bondeni kulikuwa na mtu mmoja anayejua ukweli wote na anayeweza kuumaliza mgogoro kwa kugonga mlango wa chumba. Ni Hamduni, kaka yake Sikudhani. Alimfuata Shangazi Mwantumu akiwa amepaka masizi usoni, maana naye alikuwa ametoka kupiga picha.

"Shangazi, mfungulie shemeji atoke aseme yu hai. Wamlimani wanachoma watu."

"Amemaliza siku zake?"

"Bado, lakini..."

"Basi. Nani aliyewahi kuvunja fungate? Bibi yako alikaa fungate mafuriko yamefika dirishani. Mtoto wa watu akitoka kabla ya siku, ndoa inaingia mkosi."

"Shangazi, kuna vita!"

"Vita vitasubiri. Mimi sijamwalika mtu kupigana."

Nisimlaumu Shangazi. Katika nchi nzima alikuwa ndiye peke yake aliyeendelea kuamini kwamba kilichotokea mlangoni kwake ni harusi.

Fungate ilipoisha Matano alitoka nje amenenepa kidogo, amekolea manukato ya udi, anatabasamu. Akapewa simu yake kutoka kwenye mchele. Akaiwasha. Ikalia mfululizo mpaka ikapata moto.

"Hamduni," akasema baada ya muda, "nimekufa?"

"Kwa mujibu wa hiyo, umekufa vibaya," Hamduni akajibu. "Shemeji, pole sana."

Sikudhani alisoma juu ya bega la mumewe. Hakulia. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akasema, "Twende kwa huyo Waziri. Ni mtu msomi. Akikuona atajua moja na moja ni mbili."

* * *

Ofisini kwa Waziri walipokelewa na katibu aliyempa Matano pole kwa msiba wake mwenyewe. Ndani, ukutani, kulikuwa na saa kubwa yenye mshale mmoja, mita ya kupimia hasira za taifa, na mshale ulikuwa umelala kabisa upande mwekundu. Matano alipotaja jina lake, Mheshimiwa alisimama, akainamisha kichwa, akakaa kimya dakika nzima. Matano naye akasimama kwa adabu.

"Mheshimiwa," akasema walipoketi, "mimi ndiye."

"Ndiye nani?"

"Matano. Sijafa."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Kijana, kifo chako kimepitishwa na Baraza la Mawaziri."

"Lakini niko hapa."

"Sikatai kwamba uko hapa. Nasema tu kwamba msimamo wa serikali ni mwingine."

Sikudhani aliingilia. "Mheshimiwa, watu wanachomewa nyumba kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye kiti chako. Itisha waandishi wa habari. Sema neno moja tu."

"Mwanangu," Waziri akasema kwa upole, akaonyesha mita, "unajua hii ilikuwa inasoma nini kabla ya msiba? Maji. Dawa hospitalini. Barabara. Kila asubuhi watu waliamka na hasira zao wakaniletea mimi, mtu mmoja, mwenye shinikizo la damu. Leo Mmlimani akifungua bomba akakuta halitoi, anamlaani nani?"

"Mbondeni," Matano akasema taratibu.

"Na Mbondeni?"

"Mmlimani."

"Na mimi nalala usingizi. Taifa limepata mahali pa kuweka hasira zake, nyie mnataka nilinyang'anye?"

"Na vita vikianza kweli?" Sikudhani akauliza.

"Havianzi. Sisi ni watu wa amani. Haya ni ya kwenye simu tu." Akasimama kuwasindikiza, akamshika Matano bega, kama baba. "Kaa umekufa mpaka baada ya uchaguzi. Tukishinda, nakuahidi, tutaunda tume ya kuangalia uwezekano wa kukufufua."

* * *

Walipotoka nje, Matano alifanya ambacho mtu yeyote wa siku hizi angefanya: alirusha matangazo mubashara. Alisimama chini ya mnara wa Amani, akasema jina lake, jina la mama yake, mtaa wao, akaonyesha na pengo lake la jino la pembeni. Akaomba watu waache kuumizana kwa ajili yake.

Maoni yalimiminika. "Akili bandia hiyo, angalieni vidole." "Pua si yake." "Wabondeni wamezidi, sasa wanatutengenezea maiti anayeongea." Binamu yake wa damu aliandika: "Matano nimekua naye. Matano ninayemjua mimi asingekuwa hai wakati taifa liko kwenye hali hii." Jenerali Radi, akiwa mapumzikoni, alifungua kura: yu hai au amekufa? Matano alishindwa vibaya. Wamlimani walimpigia kura ya kufa kwa uchungu, na Wabondeni nao wakampigia kura ya kufa, maana walikwisha kujisifu na hawakutaka kuonekana waongo. Lilikuwa jambo la kwanza pande mbili kukubaliana mwaka ule.

"Nimeshindwa," Matano akasema, akaizima simu. "Nchi nzima."

"Twende kwa mama," Sikudhani akasema. "Mama hapigi kura."

* * *

Yaliyotokea mlimani sikuyaona kwa macho yangu. Amenisimulia Sikudhani, na yeye ni mwalimu wa hesabu, haongezi wala hapunguzi.

Walipokaribia nyumbani walikuta gogo limewekwa barabarani na vijana wamesimama. Wote walikuwa wamevaa fulana zenye uso wa Matano, na wote walikuwa na mapanga. Haya hayakuwa ya mti. Mkuu wao aliitwa Kamanda Tindo, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza makava ya simu, na Matano aliwahi kumtengenezea mama yake friji bure.

"Jina?" Tindo akauliza.

Matano hakujua kudanganya. "Tindo, si mimi? Matano."

 Vijana walimtazama usoni, wakatazama fulana zao, wakamtazama tena. Sikudhani anasema pale ndipo alipoogopa, kwa sababu aliona wameanza kumtambua, na hawakufurahi.

"Sikiliza," Tindo akasema. "Juzi tumepoteza wenzetu wawili kwa ajili ya Matano. Tumewazika. Kama wewe ndiye, basi ulikuwa umekaa kwa Wabondeni unakula, wenzetu wanakufa bure. Huo ni usaliti, na hutoki hapa hai. Kama siyo wewe, basi ni mwendawazimu tu, hatuna haja nawe. Twende kwa Mama. Mama ndiye atakayesema."

Wakawapeleka. Bi Nyamvula alikuwa mkekani, amezungukwa na watu na simu zimeinuliwa juu. Tindo alimweleza kwa sauti, mbele ya wote, kwamba huyu akiwa ndiye atakufa, na akiwa siye ataachwa. Kisha akamsukuma Matano mbele.

Mama alimtazama. Alianza miguuni, akapanda taratibu, akafika usoni akakaa hapo. Akamtazama na Sikudhani, mkwe aliyempikia wala asimwone, amesimama na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akayatazama mapanga. Matano alifungua kinywa, na Sikudhani akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Siye," Bi Nyamvula akasema.

Watu wakapumua.

"Mwanangu alikuwa mrefu kuliko huyu," akaendelea. "Huyu ni mgonjwa wa akili, maskini. Na huyu binti, nadhani ni dada yake, anamtafutia tiba. Ng'ambo ya mpaka wana hospitali nzuri. Tindo, wasindikize mpaka mpakani, wasiguswe na mtu. Na mpeni chakula ana njaa, ila msimwekee pilipili, tumbo lake haliiwezi."

Hakuna aliyelisikia hilo la pilipili. Walikuwa wanarekodi.

Akamwita yule mgonjwa karibu, kama mtu anavyomwita mtoto wa jirani, akamfunga vizuri kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. "Nenda, baba," akamwambia. "Usirudi huku. Huku watu wana msiba."

Aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Ndipo alipoanza kulia. Siku zote zile za msiba alikuwa hajalia. Maafisa walikuwa wamelalamika kwamba Mama wa Taifa hana ushirikiano. Sasa alilia kwa sauti. Alijitupa chini, akaipiga ardhi kwa viganja, akaita jina la mwanawe, akaomba arudishiwe.

* * *

Video ile haikukatwa hata kidogo, maana haikuwa na cha kukata. Jioni yake ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko idadi ya wananchi. Waziri Mtondoo alitangaza kwamba mita imevunjika na serikali imeagiza kubwa zaidi. Jenerali Radi aliandika kwamba amelia jikoni mbele ya masufuria. Na asubuhi yake Wamlimani waliteremka bondeni, kwa miguu, kimya, bila muziki. Nani alirudi na nani hakurudi, mnajua wenyewe; kila nyumba ina hesabu yake. Hamduni hakupona. Shangazi Mwantumu alikutwa mlangoni.

Matano na Sikudhani walipanga chumba ng'ambo ya mpaka. Yeye akapata kazi ya kutengeneza mafriji, kwa jina jingine. Siku alipoiona ile video alikaa sakafuni, akaitazama mara nyingi, bila sauti, kisha kwa sauti.

Chini yake kulikuwa na maoni maelfu kwa maelfu, yote ya namna moja. "Usilie Mama, mimi ni Matano wako." "Mama, Matano yupo, ni mimi." Waliandika vijana wa mlimani, waliandika wasichana, wazee, watu wa nchi za mbali ambao hawakuwahi kukanyaga kwetu. Ukurasa ulikuwa wa Mama wa Taifa, wenye picha ya Bi Nyamvula na bendera, unaoendeshwa na Wizara kwa niaba yake.

Matano aliandika, akafuta, akaandika tena. "Mama, usilie. Ni mimi Matano. Nimefika, na nakula vizuri." Akabonyeza.

Wakakaa wawili wale kuitazama simu. Haikuchukua muda ikalia.

"Mama kajibu?" Sikudhani akauliza.

"Kajibu."

"Kasemaje?"

Matano aliusoma ujumbe mara ya pili, akaiweka simu chini.

"Ananishukuru kwa uzalendo wangu. Kasema nikajiandikishe kituo cha karibu, nikamlipizie kisasi mwanawe."